Assia Djebar: Mwandishi Aliyeshika Kamera Ili Apate Kusikia

Katika maelezo mengi ya maisha ya Assia Djebar, filamu zake mbili hutajwa karibu na mwisho, kwa sentensi moja au mbili, baada ya riwaya, tuzo na kiti chake katika Akademia ya Ufaransa. Msomaji huachwa akidhani kwamba mwandishi huyu wa Algeria alichoka na kalamu kwa muda, akaenda kujaribu kamera, kisha akarejea kwenye kazi yake halisi. Mimi huandika kuhusu filamu na sanaa, na mara kwa mara hukaa na wahariri wanapokata picha na kupanga sauti; kadiri ninavyozirudia kazi zake ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba maelezo hayo yamekwenda kombo. Bila filamu zile mbili, vitabu vyake vikubwa visingeandikwa jinsi vilivyoandikwa, na insha yake kuhusu michoro ya wanawake wa Algiers isingekuwa na jicho lile lililo nalo, wala sikio.

Alizaliwa tarehe 30 Juni 1936 huko Cherchell, mji mdogo wa bandari magharibi ya Algiers, akapewa jina la Fatima-Zohra Imalayen. Baba yake alikuwa mwalimu katika shule ya Kifaransa, na ndiye aliyemshika mkono kumpeleka darasani, katika mazingira ambamo wasichana wa ukoo wake walikuwa wakifikia umri fulani huwekwa ndani. Mwaka 1955 aliingia chuo cha juu cha ualimu cha wanawake cha Sèvres, karibu na Paris, akiwa mwanamke wa kwanza wa Algeria kufika hapo. Vita vya uhuru vilikuwa vimekwisha kuanza, tarehe 1 Novemba 1954, na wanafunzi wa Algeria walipoitisha mgomo mwaka 1956 naye aliigomea mitihani. Ndipo alipoandika riwaya yake ya kwanza, *La Soif*, iliyotoka mwaka 1957 kwa jina la Assia Djebar, ambalo alilibuni ili baba yake asijue ni nani aliyeandika kisa cha msichana mwenye matamanio. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Alifika Tunis, akawahoji wanawake wa vijijini waliokimbilia mpakani kutoka Algeria. Akafundisha historia Rabat tangu 1959. Akarudi Algiers mwaka wa uhuru, 1962, kufundisha chuo kikuu. Kufikia 1967 alikuwa amechapisha riwaya nne. Kisha akanyamaza. Kwa zaidi ya miaka kumi hakutoa kitabu kingine cha hadithi.

Wachambuzi wamelieleza kimya hicho kwa namna nyingi, na yeye mwenyewe alikieleza kwa nyakati tofauti, lakini kiini chake kinajulikana. Aliandika kwa Kifaransa, lugha ya baba yake mwalimu na ya jeshi lililoivamia nchi yake, ilhali wanawake aliotaka kuwaandika walizungumza Kiarabu cha mitaani na Kiberiberi cha milimani, na wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote. Kila sentensi aliyowatilia kinywani ilikuwa tayari imetafsiriwa kabla hawajaitamka. Mwandishi mwingine angeukwepa ugumu huo kwa kuhamia Kiarabu sanifu, kama serikali ya wakati ule ilivyotamani, lakini hicho nacho hakikuwa kinywani mwa bibi zake. Filamu ilimpa njia ya tatu: kuwaacha waseme wenyewe.

Alirejea Algiers mwaka 1974 baada ya miaka kadhaa ya kuishi Paris. Televisheni ya taifa ilikubali kugharamia filamu yake, jambo ambalo hata leo linanishangaza, kwa sababu hakuwa amesomea uongozaji, na sinema ya Algeria ya wakati ule ilikuwa mali ya dola na ilipendelea simulizi za mashujaa wa kiume wa vita vya msituni. Kabla ya kupiga picha hata moja, mwaka 1975, alikwenda kuishi kwa miezi kadhaa miongoni mwa jamaa za mama yake katika Mlima Chenoua, ng'ambo ya Cherchell. Alikwenda na kinasa sauti. Akawasikiliza wanawake wazee wakisimulia waliyoyaona vitani: nani alificha wapiganaji chini ya sakafu, nyumba ya nani ilichomwa, ni nani alitoka kutafuta maiti ya kaka yake usiku. Hawa si wale waliopewa medali. Waliwalisha wapiganaji, wakapoteza watoto, kisha nchi ikapata uhuru na wao wakarudi jikoni.

Filamu iliyotokana na safari hiyo, *La Nouba des femmes du mont Chenoua*, ilipigwa mwaka 1976 na kukamilika 1977, nayo inakaribia saa mbili. Katikati yake yupo Lila, mwanamke msomi, mbunifu wa majengo, anayerudi alikokulia miaka kama kumi na mitano baada ya vita pamoja na mtoto wake na mumewe Ali, ambaye amelemaa kwa ajali na anatumia kiti cha magurudumu. Lila anazunguka kwa gari kutoka nyumba hadi nyumba akiwauliza wazee wa kike habari za zamani. Anaigizwa na mwigizaji. Wale wazee ni wenyewe hasa, wakisema yaliyowapata. Uongo na ukweli vinakaa kwenye mkeka mmoja na wala havioneani haya.

Nataka kukaa kidogo kwenye picha ya kwanza kabisa aliyoipiga maishani mwake, kwa sababu yeye mwenyewe aliieleza miaka mingi baadaye katika kitabu chake cha 1995, *Vaste est la prison*. Mwanamume aliye kwenye kiti cha magurudumu amesimama mlangoni pa chumba, akimtazama mkewe aliyelala. Hawezi kuingia, kwa kuwa chumba kimeinuliwa kwa ngazi mbili na magurudumu yake hayapandi. Basi. Kinachotokea hapo ni hicho tu, lakini hebu tukifikirie kwa macho ya fundi. Sinema tuliyoizoea humpa mwanamume ruhusa ya kumtazama mwanamke na papo hapo kumkaribia. Kamera husogea kwa niaba yake. Hapa jicho linaruhusiwa na mwili unazuiliwa, na kizuizi hicho ni ngazi mbili za kawaida zinazopatikana katika nyumba yoyote ya kizamani. Mwongozaji anayeanza, mwenye umri wa miaka arobaini na ushee, bila shule ya filamu, amekwisha kuonyesha mamlaka ya kutazama ni ya nani na yanaishia wapi, na hakuna aliyetamka neno.

Hata hivyo, ufundi wake mkubwa uko katika sauti. Kila aliyewahi kumrekodi bibi yake anajua jinsi kamera inavyoharibu mambo: bibi anaomba muda abadilishe kanga, anakaa wima, anasafisha koo, kisha anatoa hotuba kama mgeni rasmi. Ukizima taa na kuacha kinasa sauti tu kikizunguka, baada ya dakika chache anaegemea ukuta na maneno yanaanza kumtoka jinsi yalivyo, na marudio yake, na ile tabia ya kukatiza habari ya kifo ili aulize kama umekula. Djebar aliujua ugumu huu na akaupangia kazi yake. Alianza kwa sauti peke yake, na picha zikaja baadaye kuifuata. Ndiyo maana katika filamu mara nyingi tunaisikia sauti ya mwanamke huku tukitazama ukuta, mti, njia ya mlimani au mikono inayofanya kazi. Hatulazimishwi kumkodolea macho anayesema. Kwa jamii ambayo wanawake wake wengi hawakupenda kupigwa picha, na walikuwa na sababu zao, hii ilikuwa heshima, na papo hapo ilikuwa mbinu ya kisanaa yenye nguvu kuliko mahojiano ya uso kwa uso.

Mpangilio wa filamu unafuata nuba, ule muziki wa Kiandalusi wa Afrika Kaskazini ambao huanza taratibu, hupitia sehemu kadhaa zenye mwendo tofauti, na humalizika kwa kasi. Anayeingoja hadithi yenye mwanzo na hatima atachoka mapema. Anayejua kusikiliza taarabu ya zamani, ambapo wapigaji huchukua muda wao kabla mwimbaji hajafungua kinywa, hatasumbuka sana. Filamu imetolewa kwa heshima ya watu wawili, na uteuzi wao unaeleza mengi. Wa kwanza ni Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria aliyefika upande wa Biskra mwaka 1913 na mashine yake ya kunasia sauti ili kurekodi nyimbo za wenyeji. Wa pili ni Zoulikha Oudai, mwanamke wa eneo hilohilo la Cherchell aliyeongoza mtandao wa kuwasaidia wapiganaji, akapanda mlimani, akakamatwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1957 na kuuawa bila familia yake kupewa mwili wa kuzika. Mmoja alikuja kusikiliza; mwingine alinyamazishwa.

Nyumbani filamu haikushangiliwa. Walikuwepo walioiona ngumu, na walikuwepo waliokerwa na kwamba mwanamume wake mkuu hasemi wala hatembei. Nadhani walikuwa na haki ya kuiona ngumu, kwani ina sehemu ambazo Lila anatafakari kwa maneno mazito kupita kiasi, na hapo mwandishi wa riwaya anamsukuma mwongozaji kando. Lakini mwaka 1979 ilionyeshwa Venezia na kupata tuzo ya wahakiki wa filamu wa kimataifa.

Mwaka huohuo wa 1979 aliandika insha ambayo ingetosha peke yake kumpa nafasi miongoni mwa waandishi wa sanaa. Ilichapishwa mwaka 1980 kama hitimisho la mkusanyiko wake wa hadithi, *Femmes d'Alger dans leur appartement*, yaani 'Wanawake wa Algiers chumbani mwao', na jina la mkusanyiko ni jina la mchoro wa Mfaransa Eugène Delacroix. Mchoraji huyo alipita Algiers kwa siku chache mwezi Juni 1832, miaka miwili baada ya Ufaransa kuuteka mji, na kwa msaada wa mhandisi wa bandari alipata kuingizwa katika sehemu ya wanawake ya nyumba moja, mahali ambapo mgeni wa kiume hakuwa na ruhusa ya kutia mguu. Alichora haraka, akaandika majina na rangi za nguo, kisha akarudi Paris na kuutoa mchoro mkubwa mwaka 1834, ambao sasa uko katika makumbusho ya Louvre. Wanawake watatu wameketi kwenye mazulia, buruma iko mbele yao, na mtumishi mweusi anatoka huku akigeuza uso na kuinua pazia.

Watu wengi wameandika kuhusu rangi na mwanga wa mchoro ule. Djebar anauliza jambo ambalo, kwa maoni yangu, mtu aliyetoka tu kwenye meza ya kuhariri filamu ndiye angeliuliza: sauti iko wapi? Wanawake hawa wako pamoja, bila shaka walikuwa wakizungumza kabla ya mgeni kuingia, lakini mazungumzo yamekatwa kama mtu anavyokata mkanda. Sisi tunaotazama tunaiba mtazamo, kwa sababu aliyetufungulia mlango hakuwa na ruhusa. Anaufuatilia mchoro wa pili, ambao Delacroix aliuchora mwaka 1849 na uko Montpellier, ambapo wanawake wamesogezwa nyuma na giza limezidi, kana kwamba kumbukumbu ya mchoraji inawapeleka mbali zaidi. Kisha anaruka karne nzima hadi kwa Picasso, ambaye kati ya Desemba 1954 na Februari 1955, vita vya Algeria vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, alichora picha kumi na tano kwa kufuata mchoro huo wa Delacroix. Katika picha za Picasso miili imefunguka, chumba kimejaa mwanga, mlango uko wazi. Djebar anauona hapo mfano wa wale wasichana wa Algiers waliotoka uani wakabeba mabomu kwenye vikapu, na hapohapo anakataa kushangilia, kwa kuwa anajua yaliyofuata: baada ya vita hawakurudishiwa sauti zao kwa ukamilifu, na mateso waliyopewa gerezani hayakutakiwa kutajwa.

Nina ugomvi mmoja na insha hii. Yule mtumishi mweusi anayeinua pazia hupitwa haraka, kama sehemu ya mapambo ya chumba. Msomaji wa Pwani yetu, ambaye anajua kwamba majumba ya Zanzibar ya karne ileile yalikuwa na wajakazi na masuria walioletwa kutoka bara, hawezi kumpita mwanamke yule kirahisi. Ndiye pekee katika mchoro aliyesimama na kutembea. Ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka. Pengine ndiye aliyesikia mengi zaidi ya wote. Djebar, aliyetafuta sauti za waliofichwa, hakumpa swali hata moja. Simlaumu kwa ukali, maana kila mtafiti ana kona asiyoiona, lakini ni kazi iliyobaki kwa mwandishi mwingine wa sanaa, na ningefurahi kama angetoka upande huu wa bara.

Filamu ya pili, *La Zerda ou les chants de l'oubli*, ya mwaka 1982, inaendeleza insha ile kwa kamera, japokuwa hakupiga picha nyingi mpya. Aliyatumia mabaki ya habari za sinema za wakoloni kutoka nchi za Maghrebi, yaani Afrika ya kaskazini-magharibi, zilizopigwa kati ya 1912 na 1942: maparade, sikukuu, ziara za marais, wanawake wakicheza mbele ya watalii, maskini wakipanga foleni. Aliiandika pamoja na mumewe wa wakati huo, mshairi Malek Alloula, ambaye naye alikuwa ameshughulika na kadi za posta za kikoloni zilizowaonyesha wanawake wa Algeria nusu uchi kwa ajili ya soko la Ulaya. Muziki ni wa Ahmed Essyad, mtunzi wa Morocco. Zile picha zilikuwa na msimuliaji wa Kifaransa aliyeeleza kwa furaha jinsi wenyeji wanavyoipenda Ufaransa. Djebar akaiondoa sauti hiyo na mahali pake akaweka manong'ono, nyimbo na maombolezo. Macho ya mtoto aliyesimama pembeni ya parade, ambayo mpiga picha hakukusudia kuyaonyesha, sasa ndiyo yanayobaki kichwani mwa mtazamaji.

Ninapoitazama hukumbuka kwamba sisi nasi tulipigwa picha za aina hiyo. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu za mafunzo kwa Waafrika, uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, na filamu zilizotengenezwa huko ziliwaonyesha watu wetu namna ya kuweka akiba posta na kulima inavyotakiwa. Waigizaji walikuwa wetu, uamuzi ulikuwa wao. Kwa yeyote anayetengeneza filamu Afrika Mashariki na kulalamika kwamba hana bajeti ya kwenda kupiga picha, *La Zerda* inaonyesha kwamba hata kabati la mkoloni linaweza kuwa malighafi, mradi mtu ajue ni sauti gani ya kuitoa na ipi ya kuiweka.

Hakupata kutengeneza filamu ya tatu. Miaka iliyobaki ilikuwa ya vitabu, na ya kuishi mbali: Paris, kisha Marekani, ambako alifundisha Louisiana na baadaye New York. Tuzo nitazipitia upesi, maana zinapatikana popote: tuzo ya fasihi ya Neustadt mwaka 1996, tuzo ya amani ya wauza vitabu wa Ujerumani mwaka 2000, kuchaguliwa Akademia ya Ufaransa tarehe 16 Juni 2005, mwandishi wa kwanza kutoka Maghrebi. Siku ya kupokelewa, Juni 2006, alisimama mbele ya waheshimiwa wale na kuwaambia kwamba ukoloni ulikuwa jeraha kubwa kwa wazee wake, jambo ambalo halikuwafurahisha wote. Alifariki Paris tarehe 6 Februari 2015 na kuzikwa Cherchell.

Lakini ukifungua *L'Amour, la fantasia*, riwaya ya 1985 ambayo wengi huihesabu kuwa kilele chake, utazikuta sauti za Chenoua zimekaa ndani yake. Kitabu kinakwenda kwa kukata na kuunga: barua za maofisa wa Kifaransa waliouteka mji wa Algiers mwaka 1830, kabila zima lililofukizwa moshi mapangoni Dahra mwaka 1845, utoto wa mwandishi mwenyewe, na katikati ya hayo wanawake wa mlimani wakisema kwa nafsi ya kwanza, kwa sentensi fupi, bila mapambo. Kifaransa cha sehemu hizo ni tofauti kabisa na kile cha riwaya zake za ujanani. Kimekuwa kikavu, kinapumua mahali ambapo msemaji alipumua. Hivyo ndivyo mtu anavyoandika akiwa amesikiliza mikanda ileile mara nyingi akitafuta mahali pa kukata.

Na Zoulikha naye hakuachwa. Mwaka 2002, robo karne baada ya filamu, ilitoka *La Femme sans sépulture*, riwaya ambamo mwanamke mtengenezaji filamu anarudi katika mji wake na kukutana tena na mabinti wa yule shujaa asiye na kaburi, akikiri kwamba amechelewa. Ndani yake mna kurasa kuhusu mchoro wa vijiwe wa enzi ya Warumi uliomo katika makumbusho ya Cherchell: Ulysses, shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale, yuko chomboni, na mbele yake wamesimama wanawake watatu wenye miguu ya ndege, wakipiga ala zao. Hapa wanawake waliochorwa wana muziki, na mwanamume anayepita ndiye anayelazimika kuwasikiliza. Kurasa hizo ni uhakiki wa sanaa wa kiwango cha juu uliofichwa ndani ya riwaya, na ningemshauri anayetaka kumjua Djebar aanzie hapo, kisha aitafute *La Nouba*, na vile vitabu vya miaka ya hamsini avisome mwisho kabisa, kama atapata muda.